Upatanifu wa Kichakataji na Soketi: Mfano wa Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Mji wa Butembo, katika Mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekuzwa na biashara ya masafa marefu. Wafanyabiashara wake, wengi wao wakiwa Wanande, wamefuata bidhaa Kampala, Dubai, Hong Kong na Guangzhou kwa miongo kadhaa. Shehena inayoteremshwa katika bandari ya Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kupitia Kenya na Uganda, huvuka mpaka baina ya Mpondwe na Kasindi, hufika Beni, kisha humaliza takriban kilomita 54 za mwisho hadi Butembo. Usalama wa eneo hilo umekuwa wa mashaka tangu mauaji yaliyoanza kuikumba Beni mwaka 2014. Miongoni mwa bidhaa zinazopita njia hiyo zimo kompyuta za mezani, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za nchi za mbali, pamoja na vipuri vyake.

Umbali huo ndio unaolipa suala la makala haya uzito wake. Mahali penye maduka mengi ya vipuri, mtu aliyenunua kichakataji kisichokubali katika kompyuta yake hurudi dukani kesho yake akabadilishiwa. Kwa mkazi wa Butembo au Beni, kosa hilo huenda likagundulika baada ya majuma kadhaa, muuzaji akiwa ng'ambo ya mpaka na nauli ikiwa imekwisha kulipwa. Kipuri kisichofaa hubaki kabatini, na fedha zilizokinunua hazirudi.

Makala haya yanaeleza soketi ya kichakataji ni kitu gani, kwa nini namba yake pekee haitoshi kumwongoza mnunuzi, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kubeba maelezo hayo baina ya fundi aliyesoma kwa Kifaransa na muuzaji anayefanya kazi kwa Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba upatanifu wa vipuri unafanana sana na upatanisho wa kisarufi: umbo la nje ni dalili tu, wala si uamuzi wa mwisho.

2.0 Kichakataji, ubao mama na soketi

Kichakataji ndicho sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu. Ni kipande chembamba cha silikoni kilichofungwa katika kasha bapa linaloenea katika kiganja cha mkono. Peke yake hakina kazi. Huhitaji umeme, huhitaji kupokea data kutoka kwenye kumbukumbu, na huhitaji njia ya kuwasiliana na diski, kibodi na kiwambo. Mahitaji yote hayo hukifikia kupitia ubao mama, yaani ule ubao mkubwa ambao sehemu zote nyingine za kompyuta huungwa juu yake.

Soketi ni kikalio kilicho juu ya ubao mama ambamo kichakataji hupachikwa. Ndani yake mna mamia ya viguso, na kila kiguso kina kazi iliyopangwa tangu kiwandani. Baadhi huleta umeme, baadhi huurudisha, baadhi hubeba data, na baadhi huachwa bila kazi kwa matumizi ya baadaye. Soketi za kompyuta za mezani ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, pini zimo katika kichakataji na matundu yamo katika soketi. Katika namna ya pili, pini laini zimo katika soketi, na kichakataji kina vibati vidogo vya kugusana nazo. Tofauti hiyo ina maana kwa fundi: katika namna ya kwanza kinachoharibika pini zikipindika ni kichakataji, na katika namna ya pili ni ubao mama.

Si kila kompyuta yenye soketi. Katika kompyuta nyingi za mkononi, na katika baadhi ya kompyuta ndogo za mezani, kichakataji huchomelewa moja kwa moja juu ya ubao. Mwenye kompyuta ya aina hiyo hana la kuchagua. Kichakataji alichonunua nacho ndicho atakachoishi nacho.

3.0 Historia kwa ufupi

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, kichakataji chake, Intel 8088, kilikuwa na pini 40, nacho kilipachikwa kwa kukandamizwa. Katika enzi ya vichakataji vya 486, vilivyoanza kutoka mwaka 1989, ulienea mtindo wa soketi yenye wenzo pembeni: wenzo ukiinuliwa, pini huingia bila nguvu, ukishushwa, hubanwa.

Mwaka 1995 ilitoka Soketi 7, yenye matundu ya pini 321. Soketi hiyo inakumbukwa kwa sababu ilipokea vichakataji vya makampuni yaliyokuwa yakishindana: Intel, AMD na Cyrix. Mnunuzi aliweza kubadili kampuni bila kubadili ubao. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1997 Intel ilihamia kwenye mlango mrefu ambamo kichakataji kiliingizwa kama kadi. Mwaka 1999 AMD nayo ilitoa mlango wake. Kwa umbo, kiungio kilikuwa kilekile, lakini kiligeuzwa upande na mpangilio wake wa umeme ulikuwa mwingine kabisa. Tangu hapo kila kampuni imekwenda na soketi zake.

Mwaka 2004 Intel ilihamisha pini kutoka kwenye kichakataji na kuziweka katika soketi iliyoitwa LGA 775, namba ikiwa ni idadi ya viguso. Zikafuata LGA 1156 mwaka 2009, LGA 1155 mwaka 2011, LGA 1150 mwaka 2013, LGA 1151 mwaka 2015, LGA 1200 mwaka 2020, LGA 1700 mwaka 2021 na LGA 1851 mwaka 2024. AMD ilishikilia pini za kichakataji kwa muda mrefu zaidi. Soketi yake ya AM4, yenye pini 1331, ilianza mwaka 2016 na kupokea vizazi kadhaa vya vichakataji kabla ya AM5 kutolewa mwaka 2022, ambayo nayo imehamishia pini kwenye ubao.

Orodha hiyo inaonyesha jambo moja lenye uzito kwa soko la vitu vilivyotumika. Kompyuta zinazofika Butembo katika kontena moja huenda zikawa za soketi tatu au nne tofauti, ingawa makasha yake ya nje yanafanana, yana rangi moja na hata jina moja la kampuni.

4.0 Ngazi nne za upatanifu

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba kiambishi cha nomino humwelekeza msemaji kwenye upatanisho wa sentensi. Kiti kimevunjika, kisu kimepotea, kikapu kimejaa. Lakini anajua pia kwamba umbo hilo hupotosha. Kijana, kiongozi na kifaru huanza kwa ki- kama kiti na kisu, lakini husemwa kijana amefika, kiongozi amesema, kifaru amekimbia. Anayetazama umbo la nomino peke yake hukosea sentensi. Ndivyo ilivyo kwa anayetazama namba ya soketi peke yake.

Ipo hata hivyo tofauti moja. Kiswahili kinachozungumzwa katika miji ya Kongo ya mashariki hulegeza upatanisho mara nyingi, na wasikilizaji huelewana bila taabu. Msikilizaji husamehe, umeme hausamehi. Kwa hiyo ni lazima upatanifu ukaguliwe katika ngazi zote nne zifuatazo.

4.1 Umbo

Ngazi ya kwanza ni ya jicho na kidole. Idadi ya viguso sharti ilingane, na vipengele vidogo vilivyokatwa ukingoni mwa kichakataji sharti vikutane na vizuizi vya soketi. LGA 1156 na LGA 1155 zinatofautiana kwa kiguso kimoja tu, lakini vipengele vyake haviko mahali pamoja, hivyo kichakataji cha moja hakikai katika nyingine. Kanuni ya fundi hapa ni fupi: kichakataji hukaa kwa uzito wake chenyewe. Kikihitaji kusukumwa, ama si chake, ama kimeelekezwa vibaya.

4.2 Umeme

Ngazi ya pili haionekani kwa macho. Vichakataji vya kwanza vya Pentium vilivyoingia katika Soketi 7 vilitumia volti 3.3. Pentium MMX, iliyotoka mwaka 1997, iliingia katika soketi hiyohiyo, lakini kiini chake kilihitaji volti 2.8 na njia zake za nje volti 3.3. Ubao wa awali uliojua kutoa volti ya aina moja tu haukukifaa, ijapokuwa pini zote ziliingia sawasawa.

Mfano wa karibu zaidi ni LGA 1151. Soketi ya jina hilo ilitoka mwaka 2015 na kupokea vizazi vya sita na vya saba vya vichakataji vya Intel. Mwishoni mwa mwaka 2017 kikatoka kizazi cha nane chenye viguso vilevile 1151. Hata hivyo mpangilio wa viguso ulibadilishwa, na baadhi ya vile vilivyokuwa havina kazi vikapewa kazi ya kupitisha umeme. Kichakataji cha kizazi cha nane kikiwekwa katika ubao wa mwaka 2015 hukaa vizuri, lakini kompyuta haiwaki. Hapa namba ni moja na soketi ni mbili, kama vile ki- ya kiti na ki- ya kijana.

4.3 Chipseti na bayosi

Ngazi ya tatu ni ya utambuzi. Chipseti ni kundi la chipu za ubao mama zinazosimamia mawasiliano ya kichakataji na sehemu nyingine. Bayosi ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao, nayo ndiyo huamka kwanza kompyuta inapowashwa. Bayosi isiyokijua kichakataji haiwezi kukianzisha. Kompyuta nyingi za LGA 775 zilizotengenezwa kwa ajili ya Pentium 4 hukataa Core 2 Duo, iliyotoka mwaka 2006 kwa ajili ya soketi hiyohiyo.

Wakati mwingine dawa ni kuweka bayosi mpya. Katika AM4, mbao za mwaka 2017 nyingi zilifunguliwa njia ya kupokea vichakataji vya mwaka 2020 kwa bayosi zilizotolewa baadaye. Lakini katika mbao nyingi kazi hiyo sharti ifanywe kichakataji cha zamani kikiwa bado kimo, na umeme usikatike katikati. Sharti hilo la pili si jepesi Butembo, mji ambao kwa miaka mingi haukufikiwa na gridi ya taifa na umetegemea jenereta, paneli za jua na mitambo midogo ya maji. Bayosi iliyokatizwa njiani huweza kuufanya ubao mzima usiwake tena.

4.4 Vipuri jirani

Ngazi ya nne ni ya vitu vinavyokizunguka kichakataji. Kumbukumbu za DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani nafasi. Kila moja ina volti yake, kuanzia 1.8 kwa DDR2 hadi 1.1 kwa DDR5, na pengo lake liko mahali pengine. Anayehama soketi mara nyingi huhama pia kumbukumbu. Kipozeo nacho kina vipimo: matundu ya kukifungia yameachana milimita 72 katika LGA 775, milimita 75 kuanzia LGA 1156 hadi LGA 1200, na milimita 78 katika LGA 1700.

Kisha kuna picha. Baadhi ya vichakataji havina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Kwa Intel, vingi vya aina hiyo hutambulika kwa herufi F mwishoni mwa jina. Kikipachikwa katika kompyuta isiyo na kadi ya picha, kila kitu hufanya kazi ila kiwambo hubaki cheusi, na mnunuzi huamini ameuziwa kitu kibovu. Mwisho ni wati. Baina ya kichakataji cha wati 65 na cha wati 95 pana tofauti ya wati 30 wakati wa kazi nzito. Katika chumba chenye kompyuta kumi tofauti hiyo hufikia wati 300, nazo hulipiwa kwa mafuta ya jenereta au kwa betri.

5.0 Mfano wa duka la kuchapisha

Na ichukuliwe kwamba mjini Butembo pana duka la aina ile inayoitwa nchini Kongo secrétariat public, ambako wanafunzi hupeleka tasnifu zao kuchapwa na kutolewa nakala. Duka lina kompyuta moja ya ofisi yenye soketi ya LGA 1155, chipseti ya Q65 na kichakataji cha mwaka 2011 chenye viini viwili. Siku za kukabidhi tasnifu zinakaribia na kompyuta inakwenda polepole. Mwenye duka anasoma maandishi yaliyo karibu na soketi, anaona 1155, na kumwagiza msafiri amletee kutoka Kampala Core i5-3470, kichakataji cha mwaka 2012 ambacho nacho ni cha LGA 1155.

Kipuri kinafika. Kinakaa katika soketi bila kusukumwa. Feni inazunguka, kiwambo hakionyeshi kitu. Fundi analaumu kipuri, msafiri analaumu fundi, muuzaji wa Kampala anasema kilipimwa mbele ya mnunuzi kikafanya kazi. Wote wanasema kweli. Kilichosahauliwa ni ngazi ya tatu: Intel haikuidhinisha chipseti za Q65, Q67 na B65 kutumika na kizazi hicho cha mwaka 2012, ingawa chipseti nyingine za soketi hiyohiyo, kama H61 na H67, ziliruhusiwa kwa bayosi mpya. Kwa kompyuta ile ingefaa Core i5-2400 ya mwaka 2011, yenye viini vinne.

Pengine isingefaa hata hiyo. Kabla ya kubadili kichakataji ni vema kuuliza kama kweli ndicho kinachochelewesha kazi. Kwa kompyuta ya kuchapa maandishi, kumbukumbu ya kutosha na diski ya kielektroniki badala ya diski ya kuzunguka mara nyingi huleta nafuu kubwa zaidi, tena vipuri hivyo viwili havina masharti magumu ya soketi. Aidha, umri wa kichakataji hugusa programu: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hudai kwa jumla kizazi cha nane au cha baadaye. Kompyuta za LGA 1155 ziko nje ya sharti hilo, ingawa hupokea Linux bila taabu.

6.0 Suala la istilahi

Mnyororo wa mfano huu una watu wanne na lugha nne. Mwenye duka huzungumza Kinande nyumbani. Fundi amejifunza kazi kwa Kifaransa, naye husema processeur, carte mère na barrette. Muuzaji wa Kampala huandika risiti kwa Kiingereza. Lugha inayoweza kuwaunganisha wote ni Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo na ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoipokea Kongo mwaka 2022, imekifanya lugha yake rasmi. Swali ni kama Kiswahili hicho kina maneno ya kutosha.

Kwa upande wa programu kazi kubwa imekwisha kufanyika. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na maneno kama faili, hifadhi na chapisha yamezoeleka. Kwa upande wa maunzi hali ni dhaifu zaidi. Hata mashine yenyewe imepewa majina yanayoshindana: kompyuta, tarakilishi, ngamizi.

Istilahi ya ubao mama imepata bahati. Kwa kuwa Kifaransa nacho husema kadi iliyo mama, fundi wa Beni huitambua sura ya neno hilo mara anapolisikia. Kichakataji nacho kinaeleweka kutokana na kitenzi chake. Taabu iko katika neno soketi. Tanzania na Kenya, soketi ni kwanza ile ya ukutani inayotoa umeme, na agizo la soketi bila maelezo zaidi huweza kueleweka vibaya. Kongo, ambako umeme wa ukutani hufuata neno la Kifaransa prise, mgongano huo haupo. Hivyo inafaa kusema kikamilifu soketi ya kichakataji, ili neno lisimame pande zote mbili za mpaka.

Neno linalokosekana zaidi ni lile la uhusiano wenyewe. Mafundi husema kipuri kinakubali au hakikubali. Usemi huo ni mzuri, lakini hauonyeshi ni ngazi ipi iliyokataa. Upatanifu wa umbo, upatanifu wa umeme, upatanifu wa bayosi na upatanifu wa vipuri jirani ni maneno yanayoweza kuliziba pengo hilo. Lau mwenye duka angeuliza juu ya upatanifu wa bayosi, na si juu ya soketi peke yake, safari ya kipuri chake isingeanza.

7.0 Hitimisho

Namba ya soketi ni swali la kwanza, si jibu. Kabla ya fedha kuvuka Kasindi inafaa yaandikwe katika karatasi moja mambo haya: jina kamili la kichakataji kilichopo pamoja na alama inayoanza kwa herufi S juu ya kifuniko chake, ikiwa ni cha Intel, jina na toleo la ubao mama, soketi, chipseti, tarehe ya bayosi, aina ya kumbukumbu, uwezo wa kitoa umeme kwa wati, na kama pana kadi ya picha. Mengi ya hayo husomwa bila kufungua kasha, kwa programu ya bure kama CPU-Z, au kwa amri za lscpu na dmidecode katika Linux. Orodha hiyo ikilinganishwa na ile ya vichakataji ambayo mtengenezaji wa ubao huitangaza, makosa mengi huzuilika kabla ya safari.

Vyuo vya eneo hili, kama Université Catholique du Graben iliyoanzishwa Butembo mwaka 1989 na Université Chrétienne Bilingue du Congo iliyoanzishwa Beni mwaka 2007, viko mahali pazuri pa kuifanya karatasi hiyo kuwa fomu ya Kiswahili inayoeleweka dukani, mpakani na darasani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka wa Butembo hakuwa mzembe. Daftari lake liliandika namba moja tu mahali palipohitaji nane.